Jeneza Kwenye Ramani ya Harusi

Jamani, leo nimeadhirika. Si kule kuadhirika kwa kuteleza kichochoroni, ukainuka, ukajipangusa buibui ukaenda zako. Nimeadhirika mbele ya wakwe wa watu, kwenye tivi ya watu, kwa herufi kubwa.

Ngojeni nianze mwanzo, maana nikianzia pale pabaya mtanihukumu kabla hamjanisikiliza. (Mtanihukumu tu, najua. Lakini mchelewe kidogo.)

Kwetu tunakodisha vitu vya shughuli: viti, majamvi, maturubai, masufuria. Kaka yangu Hemed anabeba na kupanga, mie nnachora. Naam, nnachora! Tangu nilipojifunza ile programu ya kuchorea kwenye kompyuta, hakuna jamvi letu linalotandikwa bila ya ramani yangu. Watu wananicheka, "Raya, jamvi nalo linataka ramani?" Linataka! Nyumba za Mji Mkongwe kuta nene, vyumba vyembamba. Ukikosea nguzo moja tu ya turubai, wapishi hawapiti na pilau inaungulia uani.

Sasa hii programu ina tabia yake. Ukishachora kitu mara moja, tuseme sufuria, inakuwekea kiolezo chake kwenye droo iliyo pembeni mwa faili, ili ukitaka sufuria nyengine uivute tu kutoka drooni. Ukiifuta ile sufuria kwenye ramani, kiolezo hakiondoki. Kinakaa drooni, kimya. Na ukilinakili lile faili ukalifanyia shughuli nyengine, droo nayo inakuja na kila kilichokuwemo.

Hemed kanambia si mara moja. "Raya, futa violezo usivyovitumia. Faili lako mpaka lifunguke chai ishapoa."

"Akiba haiozi, kaka."

"Haiozi, lakini itakutia aibu."

Sikumsikiliza. Mie ni mtu wa kuweka vitu. Nyumbani nna kopo la biskuti limejaa vifungo vya nguo ambazo zishakuwa matambara. Kuna kitu kinanisumbua nikitupa. Nahisi ndiyo siku ile ile kitatakiwa, na mimi nitakuwa nimesimama mikono mitupu. (Basi leo kimetakiwa. Sikilizeni.)

Nna rafiki yangu, Zuhura, nimesoma naye. Anaolewa. Na Zuhura hataki jengine duniani ila aolewe kwao, kwenye nyumba ya marehemu baba yake, Mkunazini. Mzee Masoud alipofariki, Zuhura alikuwa Maskati kwa kazi. Nyie mnajua siye hatumweki maiti. Mpaka anapata ndege, mpaka anafika, kashakuta kaburi. Hajamuona baba yake, hajamuaga. Tangu hapo habanduki nyumba ile.

Tatizo lilikuwa shangazi wa bwana harusi, Bi Shemsa. Huyu bibi ndiye mwenye neno upande wao, na neno lake lilikuwa hoteli, Kendwa, ufukweni, na maua meupe. Kwanza alisema nyumba ya Mkunazini ndogo, watu hawaenei. Alipoambiwa wataenea, akasema la moyoni: nyumba ile imetoka maiti na tangu hapo haijaingia furaha, kwa nini mtoto wao aanze maisha kwenye kisirani?

Wakakubaliana wakutane leo baada ya adhuhuri, neno likatwe. Zuhura akanipigia simu jana.

"Raya, nakutegemea wewe. Waoneshe kwenye ramani kuwa watu wanaenea. Ukishindwa, mimi nakwenda kuolewa kwenye mchanga kama kaa."

"Hushindwi na mtu na mimi nipo," nikamwambia. (Maneno hayo! Mdomo wangu huu ungekuwa wa kukodisha ningeshatajirika.)

Nikakaa kuchora. Na kwa kuwa nyumba ile nilikuwa nnayo tayari, nikalinakili faili la mwanzo. Kuta zake zimo, ngazi imo, kisima kimo, mlango umo. Kwa nini nipime tena? Kupima nyumba ya Mji Mkongwe si mchezo, hakuna pembe inayokubaliana na mwenziwe.

Faili la mwanzo lilikuwa la nini? La msiba wa Mzee Masoud.

Ndiyo. Ule msiba pia tulipanga siye, na nilichora. Msinitazame hivyo. Kichochoro chao kile ukisimamisha nguzo za turubai bila ya hesabu, jeneza halitoki. Ilibidi nichore majamvi ya wanawake wapi, wanaume wapi, jeneza likae wapi na lipite wapi. Kwa hiyo drooni mle mlikuwa na violezo vya kila kitu, na mimi, kwa ustadi wangu, kila kimoja nilikiandika jina lake ndani kwa herufi kubwa ili vijana wa kubeba wasiniulizeulize.

Jana nikafuta kila kitu cha msiba kwenye ramani, kimoja kimoja. Ramani ikabaki nyeupe. Nikasema alhamdulillah, safi. Nilikuwa kama mtu aliyefagia ukumbi akasahau uvunguni. Nikapanga viti vya wageni, meza za chakula, sehemu ya ngoma. Wakaenea! Nikabakisha kitu kimoja kwa makusudi, jukwaa la maharusi. Nililichora zuri, na viti vyake viwili vya enzi na mapambo ya asumini, nikaliweka drooni. Nia yangu nilivute pale pale mbele ya Bi Shemsa, litue katikati ya ua, aone nyumba inavyopendeza. Nilijifanyia mazoezi mbele ya kioo. (Nacheka na mimi, ila kwa uchungu.)

Leo nikafika Mkunazini. "Hodi!" "Karibu!" Nikampa shikamoo Bi Zainab, mama yake Zuhura, akaniitikia marahaba na sahani ya visheti. Bi Shemsa alikuwa keshakaa, ananukia udi tangu mlangoni, simu mkononi imejaa picha za hoteli. Zuhura kakaa pembeni, anazungusha pete kidoleni. Hakunisalimia kwa mdomo, alinikodolea macho tu, nami nikamuelewa.

Nikaunga waya wa kompyuta yangu kwenye tivi. Tivi yenyewe kubwa, imejaa ukuta. Ramani ikatokea, na mama wee, ilipendeza.

"Haya, viti hivyo," nikaanza. "Hapa wanakaa wageni wetu, hapa wanakaa wa kwenu, Bi Shemsa. Njia ya chakula hii. Hakuna atakayemkanyaga mwenziwe."

Bi Zainab akatikisa kichwa kwa kuridhika. Bi Shemsa akavaa miwani, akasogea mbele.

"Wanaenea kweli," akasema. Hakupenda kusema, lakini alisema. Zuhura akatoa pumzi ambayo nahisi alikuwa kaishika tangu asubuhi.

Hapo ningenyamaza, mngekuwa mnasoma habari nyengine.

"Na sasa," nikasema, nikapaza sauti kidogo kama mtangazaji, "mahala pa maharusi!"

Droo ilikuwa imefunguka pembeni mwa tivi. Vitu vimejipanga kwa alifu na be, J inafuatana na J. Macho yangu yako kwa Bi Shemsa, maana nataka kumuona akiduwaa. Kidole changu kikashika, kikavuta, kikaachia katikati ya ua.

Aliduwaa.

Nikageuka kutazama tivi. Katikati ya ramani ya harusi, baina ya meza ya keki na kapeti jekundu, lilikuwa limetua sanduku refu la kijani. Limeandikwa JENEZA.

Yallah! Yallah, nikuombe nini tena unisitiri?

"Hiyo ni nini?" Bi Shemsa akauliza, na aliuliza huku keshasoma.

"Ni... ni kosa la kompyuta, Bi Shemsa."

"Kompyuta ndiyo iliyoandika jeneza?"

"Hapana."

"Nani aliyeandika?"

"Mimi." (Uongo wangu una miguu mifupi, haukufika hata mlangoni.)

Sasa mtu mwenye akili zake angelibofya lile jeneza akalifuta. Hilo moja tu. Lakini mimi wakati ule akili zangu zilikuwa zimeshashuka ngazi zimekwenda nyumbani. Nikaona kule drooni juu ya jeneza kuna "Birika la kuoshea," chini zaidi "Sanda," na kila kimoja Bi Shemsa anakifuata kwa kidole, midomo inamcheza. Nikasema hapa ni kuzoa vyote kwa pamoja. Nikamkumbuka Hemed. Nikaenda kwenye ile amri yake anayonipigia kelele kila siku, ya kuondoa violezo vyote visivyotumika. Programu ikaniuliza, una hakika? Nikabonyeza ndiyo, kwa nguvu, kama nnaua mbu.

Vikaondoka. Birika likaondoka. Sanda ikaondoka. Nikashusha pumzi.

Kisha nikatazama vizuri.

Jamani, programu haijui msiba wala harusi. Inajua kitu kimoja: hiki kimo kwenye ramani, kinatumika, hiki hakimo, hakitumiki. Jeneza limo katikati ya ua, kwa hiyo linatumika, likaachwa. Jukwaa la maharusi lilikuwa bado drooni, halijaguswa. Kwa hiyo halitumiki. Likafutwa! Jukwaa langu na viti vyake na asumini zake, lote, na kufuta kule hakurudi nyuma.

Ikawa mbele ya wakwe iko ramani ya harusi yenye wageni, pilau, keki na jeneza. Haina bibi harusi.

"Lahaula wala kuwata," akasema Bi Shemsa polepole. Akavua miwani. "Mimi nilisema. Nilisema mkaniona mbaya. Nyumba hii yenyewe inakataa."

Nikamtazama Zuhura. Hakuwa na hasira, ningependa awe na hasira. Alikuwa kama mtu aliyenyang'anywa kitu akakosa nguvu ya kukifuata. Nilijiona mdogo, wallahi. Mtu kanipa jambo moja, moja tu, nimlindie nyumba ya baba yake, na mimi nimemuingizia shangazi hoja kwa mkono wangu mwenyewe.

"Nalifuta," nikasema. "Nalifuta sasa hivi, nisameheni."

"Usilifute."

Alikuwa Bi Zainab. Akainuka, akaenda mpaka kwenye tivi, akaweka kidole juu ya kioo.

"Umeliweka pale pale," akasema.

"Bi Zainab, wallahi sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Nakwambia umeliweka pale pale. Baina ya kisima na ngazi."

Na kweli. Ua ule hauna pengine peupe. Ndipo nilipopapanga siku ile kwa ajili ya jeneza, na ndipo nilipopaacha wazi jana kwa ajili ya jukwaa. Kitu chochote kikubwa kikiingia nyumba ile hakina mahala ila hapo. Nimechora mara mbili na sikuliona hilo mpaka leo.

Zuhura akainuka naye, akasimama ubavuni pa mama yake.

"Baba alikuwa hapo?"

"Hapo. Kichwa huku kwenye ngazi."

"Hujapata kunambia."

"Hujapata kuniuliza, mwanangu. Nami niliogopa kukuanza."

Wakasimama hivyo, wanatazama lile sanduku la kijani nililolichora mimi kwa haraka siku ile, pembe zake hata si sawa. Zuhura akawa analia bila ya sauti. Mimi nililia kwa sauti. (Ndiyo, nililia mimi kuliko mwenye baba. Niongezeeni kwenye orodha ya aibu.)

Bi Shemsa akakohoa. Akasema, lakini kwa sauti ya chini sasa, "Mola amrehemu. Lakini ndiyo nilivyosema, ndugu zangu. Mtu hakai harusi mahala pa jeneza."

Bi Zainab akageuka. "Shemsa, siku ile ulikuja kunipa pole. Ulikaa wapi?"

"Nilikaa... pale chini ya ngazi."

"Juu ya nini?"

"Juu ya jamvi."

"Jamvi la nani?"

Bi Shemsa akanitazama mimi. Mimi nikatazama visheti.

"La kina Raya," akasema.

"Na harusi ya kijana wenu mkubwa, yale majamvi yaliyojaa mpaka barazani, yalikuwa ya nani?"

Bi Shemsa akapangusa miwani.

"Ya kina Raya."

"Na sufuria za pilau?"

"Haya, Zainab, basi."

"Na hukuona kisirani, ulikula na ukafungiwa nyengine kwenye mfuko."

Nilitaka kusema kuwa majamvi yetu tunayafua na kuyaanika juani kila baada ya shughuli. Nikaona si wakati wake. Lakini nimelifikiri jambo hilo njia nzima nikirudi. Viti vyetu havijui vinakwenda wapi. Ijumaa vimekaliwa na watu wanaopiga vigelegele, Jumapili vimekaliwa na watu waliojifunika nyuso, na ghalani vinarudi vile vile, vinapangwa kimoja juu ya kimoja. Sisi ndio tunaotenganisha. Mimi mwenyewe nilikaa jana nikifuta msiba wa watu nikidhani nawasaidia, kumbe mwenye msiba hakuwa hata na mahala pa kuutazama.

Zuhura akajifuta uso kwa upande wa mtandio.

"Raya."

"Naam."

"Kiti changu kiweke hapo."

"Astaghfirullah," akasema Bi Shemsa. "Hapo hapo?"

"Hapo hapo, shangazi. Mimi sikumuaga baba. Nimefika nimeoneshwa mchanga. Nikitoka nyumba hii kwenda kwenu, nataka nitokee pale alipotokea yeye, na kwa mlango ule ule. Nikishatoka hivyo nitakuja kwenu na moyo mmoja. Mkinipeleka Kendwa, nitakuja, siwavunjii adabu. Lakini nitakuja nusu."

Bi Shemsa akaichukua simu yake. Akaitazama, picha za maua meupe bado zimo. Akaizima, akaitia mkobani.

"Haya," akasema. "Sasa huyo bibi harusi mtamkalisha chini? Lile jukwaa liko wapi, wewe fundi?"

Liko wapi! Nimelifuta kwa mkono wangu! Ikabidi nichore jengine pale pale, machozi hayajakauka. Nikachora kisanduku. Kikapinda. Nikaandika ndani yake ZUHURA, herufi ya mwisho ikatoka nje.

"Ndilo jukwaa hilo?" Bi Shemsa akauliza, akairudisha miwani machoni.

"Ndilo kwa leo."

"Limekwenda upande."

"Litanyooka, inshallah."

Akalitazama kwa muda. Kisha, jamani, midomo ikaanza kumcheza tena, na safari hii si kwa kusoma. Akacheka. Akacheka mpaka akavua miwani tena, Bi Zainab akamfuata, Zuhura akamfuata, wanacheka na wanalia, na mimi nimekaa katikati na waya mkononi sijui nifanye lipi.

"Na siye," akasema Bi Shemsa alipopata pumzi, "usituweke karibu na jiko, mimi moshi unanidhuru."

Nikawasogeza. Nilimsogeza yeye na ukoo wake mzima mpaka chini ya ngazi, pale pale alipokaa siku ile. Aliona. Akachukua kisheti.

Nimerudi nyumbani nimemhadithia Hemed. Kacheka mpaka kakaa chini juu ya mfuko wa mchele. Kanikumbusha kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu zima, nikamwambia, uso ndio sina. Kisha nikafungua faili, nikachora jukwaa upya, na viti vyake na asumini, nikaliweka mahala pake, juu ya lile jeneza. Nikalifuta jeneza kwenye ramani, maana vijana wa kubeba wakiliona watalileta kweli.

Drooni kikabaki kiolezo chake, ndicho peke yake kisichotumika. Hemed yuko nyuma yangu, ananambia haya, malizia.

Basi nawausieni, nyote mnaochora: futeni violezo msivyovitumia kabla hamjakwenda mbele za watu. Mimi changu kimoja nimekiacha, na atakayecheka, viti vya harusi yake akakodi kwengine.